Siku Tulipokataa Kumbeba Felician

Kamuli, jioni, kabla hujarudi kutoka Nyakakika

Mwanangu Kemilembe,

Najua bibi yako hatakuachia mapema. Atakukalisha, atakulisha, atakuombea, na akishasema amina atakumbuka jambo jingine la kukuombea. Kwa hiyo nina muda wa kuandika. Felician yuko kibanjani, kwenye migomba, anakuchagulia mkungu wa kusafiri nao, ingawa nimemwambia Dodoma wanauza ndizi. Amenijibu, "Wanauza, lakini siyo zetu," akaondoka na panga begani na ile kofia yake iliyokatika ukingo, nami nimebaki nacheka peke yangu jikoni mpaka maharage yameshika chini.

Wiki ile ya harusi yangu na Felician ulinitania, "Mama, umekuwa kama msichana wa kidato cha pili." Ni kweli. Sikujua kwamba umri huu mtu anaweza kusikia hatua za mume wake uani na moyo ukaruka hivi. Asubuhi nikimwona anaosha miguu kwenye beseni natamani jua lisimame. Nacheka nikiwa nafagia. Majirani wamechoka kunisikia. Nakuambia haya ili ujue kwamba mwandishi wa barua hii ni mtu mwenye furaha, maana kuanzia hapa utaona hofu nyingi na unaweza kudhani nimechanganyikiwa.

Mambo ya kufunga mlango wa chumba, ya kula kabla ya mtihani, ya marafiki wa kuangalia, sitayaandika. Bibi yako ameyamaliza, na aliyosahau umeyajua zamani. Dodoma siiogopi. Mji ni watu, na watu umelelewa nao. Ninachokiogopa umekizoea hapahapa Kamuli, na usiku unakilaza chini ya mto wako.

Barua za safari watu husomea kwenye basi. Hii naomba uisome leo, kabla hujazima taa. Ndiyo maana utaikuta juu ya begi, siyo ndani yake.

Wiki iliyopita nilikuletea uji kwenye mibuni nyuma ya jiko. Nilikukuta umekalia kikapu ulichokipindua, umenipa mgongo, na kahawa mbivu zimekuzunguka hazijaguswa. Nilidhani unalia. Niliposogea nikaona kile kindege kwenye simu, kinapaa, na namba zinapaa nacho, na kidole chako kinasubiri juu ya kioo. Midomo yako ilikuwa inasema, "Bado, bado, bado." Kindege kikapotea. Ukajipiga paja kwa ngumi, ndipo ukageuka ukaniona.

"Shikamoo mama," ukasema, wakati tulikwisha kuamkiana tangu asubuhi.

"Unafanya nini?"

"Nacheza. Mchezo tu."

"Wa kubeti hela?"

"Hela yangu, mama. Ya kusuka watu nywele. Na lile gauni la kuendea chuo unafikiri limetoka wapi? Nilishinda."

Nikaweka kikombe chini. Nadhani uliona uso wangu ulivyobadilika, kwa sababu ulisimama, ukajifuta mikono, ukaniambia kwa sauti ya kunituliza kama vile mimi ndiye mtoto, "Usiniangalie hivyo. Mimi siyo mume wako. Yeye alijitakia. Mimi najua pa kuachia."

Uliendelea kuchuma kahawa kwa kasi, unaimba, ili nione kwamba hakuna kitu. Mimi nilirudi jikoni nikakaa chini. Hasira juu yako sikuwa nayo. Kilichonikalisha ni lile neno, alijitakia, maana najua ulilitoa wapi. Nilikupa mimi, na ulikuwepo siku hiyo, ingawa ulikuwa mdogo na huenda unakumbuka watu wakicheka tu.

Wewe machela unaijua, lakini siku moja utawasimulia wenzako wa huko na watashangaa, kwa hiyo acha niieleze kama kwa mgeni. Ni kitanda cha miti miwili cha kubebea wagonjwa, na kila nyumba hapa inatoa mtu mmoja wa kukihudumia. Mgonjwa akizidiwa, likipigwa yowe, unaacha jembe ulipo na kwenda. Wanaume wanabeba kwa zamu, wanawake tunatangulia kusafisha njia na kubeba vyombo vya mgonjwa, mpaka mahali gari linapofika. Asiyetokea bila sababu anatozwa dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kusemwa mwezi mzima. Hata sasa ambapo bodaboda zimejaa, mtu asiyeweza kukaa hawezi kupakiwa kwenye pikipiki, na mvua ikinyesha kule bondeni hakuna gari linalopanda.

Tumebeba kila aina ya watu. Tumebeba wajawazito. Tumembeba kijana aliyeanguka kwenye mparachichi wa watu, maparachichi ya wizi yakiwa bado yamo ndani ya shati. Mwenye mti alikuwa miongoni mwa wabebaji, na njia nzima alikuwa anamwambia, "Pole mwizi wangu. Usitikisike, utaniharibia maparachichi." Tulicheka mpaka tukaishiwa nguvu, lakini tulimfikisha. Hakuna aliyeuliza kama alistahili.

Felician wakati ule alikuwa jirani tu. Alikuwa na kahawa safi kuliko zote upande huu, na ukipita kwenye kibanja chake unatamani kuvua viatu. Kisha ikaja ile mashine ya kamari ya kutumbukiza sarafu pale dukani kituoni, ikawekwa palepale watoto wanaponunulia chumvi na mafuta ya taa. Akaanza kwa chenji. Baadaye ikawa mipira ya Ulaya, baadaye simu. Hatukuona kitu. Mtu wa pombe anayumba, anaimba, ananuka. Huyu alikuwa anapita amenyooka, anasalimia vizuri. Tulichokuja kukiona ni butura. Unajua butura: mtu anauza kahawa ikingali maua, na siku ya kuchuma anakuja mnunuzi na vikapu vyake. Tulimwona Felician amesimama pembeni ya mibuni yake mwenyewe kama mpita njia, watu wengine wanachuma. Tukasema ni mvivu. Tukampa jina, tukamwita Jackpoti.

Siku ya gulio alianguka mbele ya lile duka. Alikuwa hajala wala hajalala kwa muda ambao hata yeye hawezi kuusema. Alikuwa anatetemeka, macho yamegeuka. Dada yake Yustina, unayemwita shangazi sasa, akapiga yowe, na sisi tukatoka kama tunavyotoka siku zote. Nilikushika mkono, tukafika machela ikiwa imeshawekwa chini.

Mwenyekiti wa machela alikuwa mzee Laurenti. Akainama, akamtazama. "Anaumwa nini huyu?"

Kijana mmoja akajibu, "Anaumwa jackpoti!" Kituo kizima kikacheka.

"Msicheke, bebeni!" Yustina alikuwa amepiga magoti. "Baba Laurenti, nakuomba, bebeni kaka yangu."

Mzee Laurenti hakuwa mtu mbaya. Alisema taratibu, kama anaeleza sheria. "Mwanangu Yustina, machela ni ya wagonjwa. Huyu hakuumwa na nyoka. Pale kwenye mashine alikwenda kwa miguu yake, kila siku. Tukimbeba huyu, kesho tutabeba nani? Haya, anayeona abebwe, awe mwanaume au mwanamke, aje ashike mti."

Mwanangu, hakuna aliyeshika. Baba yako alikuwa amekwisha kututangulia mbele za haki, kwa hiyo mimi ndiye niliyesimama kwa ajili ya nyumba yetu, na mti wa mbele ulikuwa karibu na miguu yangu. Ukanivuta kanga. "Mama, mbona hawambebi?"

Nikakujibu kwa sauti, ili na wengine wasikie jinsi ninavyolea vizuri, "Huyu alijitakia."

Wanawake wawili wakaitikia, "Kweli kabisa." Nilijisikia mtu wa maana.

Yustina akasimama. Hajawahi kuwa na ulimi mwepesi kwa wakubwa, lakini siku ile hakumwacha mtu. "Mnyauko ulipoingia kwenye migomba yenu mlilia mkasema ugonjwa, ugonjwa! Mkachoma mapanga motoni. Nani aliuuliza mgomba kama ulijitakia? Mgomba mnauonea huruma, mtu hamumwonei!" Akaita bodaboda, akamfunga kaka yake mgongoni mwa dereva kwa kitenge, yeye akakaa nyuma kumshikilia. Wakaondoka hivyo, kichwa cha Felician kikiyumba. Tukarudisha machela inapokaa.

Hakufa. Hospitalini walimpa maji ya mshipani, walimlisha, na alikuwepo muuguzi wa magonjwa ya akili ambaye badala ya kumhubiria alimsikiliza, akampangia siku za kurudi. Kurudi kwake kijijini hakukuwa na sherehe wala msamaha. Unajua tulivyo. Watu walianza tu kumsalimia tena, kama vile hakuna kilichotokea.

Nimefikiria sana maneno ya Yustina tangu niolewe, hasa nikiwa kwenye migomba. Nakumbuka mnyauko ulivyoanza. Mtu wa kwanza kuona majani yanageuka manjano hakusema. Aliona aibu, watu wasije wakasema kibanja chake kichafu. Alikata mgomba kimyakimya, akafukia, kisha jirani akaja kuazima panga, akampa. Na jirani naye alipoona manjano yake hakusema. Aibu na panga la kuazimana, hivyo viwili ndivyo vilivyoutembeza ugonjwa mpaka ukafika kwa mtu aliyekuwa anapalilia vizuri kuliko wote. Tulipona pale tu tulipokubaliana kuonyeshana. Kila mtu akafungua kibanja chake kiangaliwe. Tukakata lile ua jekundu la chini kwa kijiti chenye panda, tukachoma mapanga, tukang'oa yaliyokufa pamoja, na aliyeficha alisemwa kuliko aliyeugua. Bidii ya mtu mmoja peke yake isingetosha, hata angekuwa malaika.

Hata hiki kinachopitia kwenye simu, mimi nakiona hivyohivyo. Anayeshinda anatangaza kituo kizima, na kijana mwingine anaona, anaazima ule ujuzi kama panga. Anayepoteza anarudi nyumbani kimya. Kwa hiyo macho yetu yanaona washindi tu. Redio inakuita, ujumbe unaingia kwenye simu kabla jogoo hajawika kwamba umepewa zawadi ya kuanzia, mashine imewekwa kwenye njia ya shule. Halafu mtu akianguka tunamuuliza, wewe akili yako ilikuwa wapi? Sisemi mtu hana mkono katika maisha yake. Felician mwenyewe hapendi nikisema hivyo, anasema mkono ni wake na ndio anaoutumia kukataa. Lakini anasema pia kwamba mkono peke yake ulimshinda.

Yeye ndiye aliyenieleza hali ilivyo. Alikuwa anakuja kunisaidia kukata maua ya migomba, na mimi nilikuwa nampa kahawa ya kutafuna, nikajikuta nanawa uso kila nikisikia kijiti chake kikigonga majani. Ee Mungu, jinsi nilivyokuwa najidanganya kwamba nanawa kwa sababu ya vumbi! Siku moja nilimuuliza, kwa nini hukuacha ulipoona kahawa inachumwa na wengine?

Akatema ganda la kahawa. "Siyo hela, mama Kemi. Hela ningeiacha. Ni pale katikati, kabla hujajua umepata au umekosa. Pale kila kitu kinanyamaza. Njaa inanyamaza, deni linanyamaza, hata uchungu wa marehemu mama ulikuwa unanyamaza. Na ukikosa kwa kidogo, ukikosa kwa unywele, hapo ndipo unapowaka zaidi kuliko ukishinda."

Kumbe ndiyo sababu nilipokuona wewe unasema "bado, bado" nilijua siyo mchezo tu. Nilikuwa nimekwisha kusimuliwa ule uso.

Alipotaka kunioa hakuanza na maneno matamu, ingawa siku hizi anayo, mengi, na sitayaandika humu. Alikuja na Yustina na mchungaji. Akasema mbele yao kila kitu, na baada ya hapo akasema masharti aliyojiwekea: simu ya kitochi isiyo na intaneti, malipo ya kahawa ya chama tukapokee wote wawili, njia ya juu inayopita kituoni asiipite siku za mpira. Mimi nikasema, "Nimekubali." Akasema, "Ngoja kwanza nimalize!" Yustina akaangua kicheko mpaka mchungaji naye akashindwa kujizuia. Nilikuwa nimekubali tangu kwenye migomba.

Na bado nilikosea. Mwezi wa kwanza wa ndoa, mwezi mtamu kuliko yote niliyoishi, alikuwa akienda kuoga nampekua mifuko. Nilikuwa nampenda na nampekua. Siku moja akatoka bafuni kuchukua taulo alilosahau, akanikuta nimeshika suruali yake. Nilitamani ardhi inimeze. Hakukasirika. Alikaa kitandani, maji yanamchuruzika, akasema, "Ukinipekua, mke wangu, nitajifunza kuficha, na kuficha mimi ni fundi. Niulize. Ukiniuliza nitajibu, hata kama jibu ni baya."

Tangu hapo namuuliza. Siku tuliyopokea malipo ya kahawa msimu huu, mimi nilipitia sokoni, yeye akatangulia. Nilipofika nyumbani nilimkuta amekaa kwenye kizingiti, shati limelowa jasho na jua lilishapoa. Nikamuuliza, leo ikoje? Akasema, "Leo nimesimama mlangoni pao, pale pa kubeti. Nilisikia mpira ndani. Sikuingia, lakini nilisimama." Nikaketi naye palepale kwenye kizingiti. Sikumpongeza wala sikumlaumu. Nilishika mkono wake, nikauhisi unapiga kama kuku aliyekamatwa, tukakaa mpaka makelele ya kituo yakaisha na watu wakaanza kurudi makwao. Hayo ndiyo mapenzi yangu, Kemi. Wengine wanapelekwa hotelini. Mimi nilipewa kizingiti, na sijawahi kujiona mke kama jioni ile.

Kwa hiyo sijaolewa na mtu aliyepona kabisa, kama unavyodhani nimedanganywa. Nimeolewa na mtu anayesema. Hiyo ndiyo tofauti ninayoijua kati ya Felician wa siku ya gulio na Felician anayekuchagulia ndizi sasa hivi.

Na kijiji nacho kimejifunza kidogo. Yule dereva wa bodaboda aliyejaribu kujidhuru baada ya kupoteza pikipiki ya watu kwenye mikeka ya kubeti mpira, machela ilitoka kwa ajili yake, na mzee Laurenti, pamoja na uzee wake, alishika mti wa mbele. Kijana mmoja alipotaka kufungua mdomo, mzee alimgeukia, "Beba, maneno utayasema kwa daktari." Mkutano wa kijiji uliiondoa mashine pale dukani kwenye njia ya watoto. Mwenye mashine akaihamishia kituo kingine. Hatujashinda. Kila siku nikisikia sarafu zinalia mahali nashtuka.

Lakini tulipokuwa tunalinda, tulilinda wavulana. Tuliwahesabu wao, tuliwafukuza wao kituoni. Hakuna aliyewaza kwamba msichana anayesuka nywele vizuri, aliyefaulu hesabu kuliko shule nzima, atakaa juu ya kikapu kwenye mibuni na kuumia bila kelele. Mimi mama yako sikuwaza. Nilikuwa nimekodolea macho suruali za mume wangu.

Nimeangalia nyuma na kuunganisha. Unavyochelewa kuamka. Unavyonijibu kwa ukali halafu unanikumbatia. Ule uzi wa kusukia uliosema umeisha, na mteja akarudi nyumbani kichwa nusu. Huenda nimekosea, hela ya uzi haikwenda kwenye simu, na uzi uliisha kweli. Natamani niwe nimekosea, unicheke mpaka Krismasi. Lakini nikifunga macho naona fedha za mkopo, hiyo boom mnayoisema, zinaingia kwenye simu ileile, chumba kina vitanda vinne na kila kitanda kina simu yake, na hakuna mtu wa kukuletea uji.

Felician ameingia sasa hivi na mkungu, nikamsomea kipande. Alisimama na udongo miguuni akasikiliza. Akasema, "Mwambie na mimi nilikuwa mzuri wa hesabu. Asidhani namba zitamlinda. Namba ndizo zilizoniita." Kisha akataka nikuwekee kitochi chake kwenye begi. Nimemwambia chuo hakifundishi kwa tochi. Amecheka kidogo tu, akatoka. Ana wasiwasi kama mimi, ila yeye wasiwasi wake anaufanyia kazi kwa mikono.

Simu yako sitaipekua. Nimeshika mkono wangu mara mbili wiki hii. Wala sitakuapisha kwenye Biblia, maana najua mtu akivunja kiapo anaona aibu mara mbili na kujificha mara mbili. Kinachoninyima usingizi siyo kwamba utacheza. Ni kwamba siku kitakapokuuma utalikumbuka neno langu la pale kituoni. Utajitazama kwenye kioo cha bafu la chuo ujiambie, nilijitakia, nani atanibeba? Utanyamaza. Utanipigia simu uniambie masomo yanaendelea vizuri, nami nitafurahi na kumwambia kila mtu. Utakaa karibu na washauri wa wanafunzi, karibu na zahanati yao, na hutaingia, kwa sababu mama yako alikufundisha kwamba huo siyo ugonjwa.

Nimekuja kulichukua lile neno, mwanangu. Nililitoa mbele ya watu na ninalirudisha kwa maandishi. Sikuwa najua nilichosema. Nilitaka kuonekana mlezi bora kwa wanawake wawili ambao leo hata hawakumbuki.

Kesho nitaamka mapema nichemshe chai. Felician atakuwa uani anaufunga mkungu wako kwa majani makavu, na anavyofunga kwa uangalifu atachukua muda. Gari halitakuwa limefika. Ukitaka kuniambia, njoo jikoni. Ukiona mimi ni mgumu, nenda kwake, yeye hatakushangaa. Usianze kueleza gauni wala hela wala nani alikuonyesha. Sema tu, "Naumwa." Kama huumwi, sema pia, nami nitakuamini, nitakufungia chapati na kukupungia mkono.

Lakini ukisema unaumwa, nitaipua birika, nitakusogezea kigoda karibu na moto, na nitakuuliza nilichokuwa nakuuliza kila ulipoguswa na homa tangu ukiwa mchanga: imeanza lini? Utanijibu polepole, kwa maneno yako. Na gari likipiga honi huko nje, lipige.

Mama yako